Mwenye Gitaa na Wazee wa Kanisa

Mazungumzo ya asubuhi katika redio
Masomo: 1 Samweli 16:14–23 na 18:6–11, Matendo ya Mitume 15:36–40, Warumi 14:4

Nakusalimu wewe mama uliye jikoni ukichochea moto wa chai, na wewe baba unayetafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Nawe kijana unayesimama kituoni Kawangware ukingoja gari la mjini, na waya wa simu masikioni, ikiwa umetufungulia sisi asubuhi hii na si wengine, karibu sana.

Leo nataka kuzungumza juu ya waimbaji. Sina maana ya kwaya. Nasema juu ya watu wa gitaa, wale ambao sisi watu wa kanisa tumezoea kuwapita njiani bila kuwasalimu, kisha tukifika nyumbani tunafungua redio na kuwasikiliza.

Hapa kwetu Dagoretti, kuanzia Riruta hata Waithaka, kutoka Mutuini mpaka Uthiru, kuna jambo ambalo wageni hulistaajabia. Pita kwenye nyumba za wazee Jumapili jioni, chakula kikiwa kimeliwa na watoto wametoka nje, nawe utasikia sauti ya Mmarekani, nzito na ya upole, kama mtu anayesema na mgonjwa. Huyo ni Jim Reeves. Alizaliwa Texas mwaka 1923, na tarehe 31 Julai 1964 alikufa karibu na mji wa Nashville, ndege ndogo aliyokuwa akiiongoza mwenyewe ilipoingia katika mvua ya ngurumo ikaanguka. Miaka zaidi ya sitini imepita, lakini hapa kwetu wako watu ambao hawawezi kuandaa Krismasi mpaka sahani yake ya nyimbo za Krismasi ipigwe kwanza. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, na mke wangu ni shahidi.

Muziki huo vijana huuita kantri. Wako Wakenya wanaouimba leo, kama yule Elvis Otieno ajulikanaye kwa jina la Sir Elvis, naye amejaza kumbi za Nairobi kwa kofia pana na viatu virefu. Mtu akiuliza imekuwaje muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani ukaota mizizi katika migomba yetu, mimi hujibu kwamba sikilizeni unasema nini. Unamsema mama aliyebaki nyumbani peke yake, na garimoshi lililomchukua kijana asirudi, na shamba lililopotea, na mtu aliyekunywa mshahara wake wote na sasa anaogopa kubisha mlango. Sasa niambieni ni nyumba gani hapa Kangemi au Mutuini isiyoyajua mambo hayo? Wale walioimba hivyo walikuwa watoto wa wakulima waliosukumwa na shida kwenda mijini kutafuta kazi, kama sisi tulivyosukumwa. Ndiyo maana tuliuelewa hata kabla ya kuyaelewa maneno yake.

Katika hao wa Marekani alikuwako mmoja, Hank Williams, mtu wa Alabama, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1923. Kwa jina lake mwenyewe aliimba nyimbo za baa na za mapenzi yaliyovunjika. Lakini alipotaka kutoa hadithi za mafundisho, za kuonya na kufariji, alitumia jina lingine. Alikuwa na jina la usiku na jina la asubuhi. Tena alitunga nyimbo za injili ambazo hata leo huimbwa makanisani na watu wasiojua ni nani aliyezitunga. Alikufa siku ya kwanza ya Januari 1953, katika kiti cha nyuma cha gari, akipelekwa kuimba mahali, naye alikuwa na umri wa miaka 29 tu. Nalitaja jambo hilo la majina mawili kwa sababu nitalirudia.

Basi tuache Marekani, tuje nyumbani.

Mwaka 1939, kule Kangema katika Murang'a, alizaliwa mtoto aliyeitwa Joseph Kamaru. Mwaka 1957 alikuja Nairobi kutafuta kazi. Nchi ilikuwa bado katika Hali ya Hatari, na kijana wa Kikuyu aliyetembea katika mji huu alitembea na karatasi zake mfukoni. Alifanya kazi za nyumbani, kazi ya kusafisha na kutumwa. Mwaka 1965 alianza kuimba mbele ya watu, na mwaka 1967 jina lake likatoka kwa wimbo Celina, alioimba pamoja na dada yake Catherine Muthoni.

Wale wa umri wangu wanakumbuka jinsi ilivyokuwa. Kamaru hakuimba kama mtu anayeiga wageni. Alichukua nyimbo za ngoma za wazee wetu, na methali, na ule mtindo wa kusema jambo kwa mafumbo mpaka mwenyewe ajitambue, akaviweka juu ya gitaa. Katika barabara ya River Road maduka ya sahani yalimpiga tangu asubuhi mpaka jioni, na watu waliotoka sokoni walisimama na mizigo yao kichwani mpaka wimbo uishe. Alionya. Alimsema anayedanganya mahakamani. Alimsema mwalimu anayemtaka mwanafunzi wake kimapenzi, na wimbo huo uliwaudhi walimu hata chama chao kikapiga kelele. Mimi nilikuwa mwalimu wakati huo, nami nilipiga kelele pamoja na wenzangu. Sasa nikifikiri, naona hatukumwuliza hata mmoja wetu kama aliyosema yalikuwa uongo.

Fungueni sasa somo letu la kwanza. Sauli mfalme alikuwa akisumbuliwa rohoni, na watumishi wake wakashauri atafutwe mtu ajuaye kupiga kinubi. Akaletwa Daudi, mchungaji wa kondoo kutoka Bethlehemu. Alipopiga, mfalme alipata nafuu, akampenda sana. Lakini geuzeni kurasa mbili tu, mpaka sura ya 18. Wanawake wamekwisha kutoka mijini na matari, wanaimba na kulinganisha idadi ya waliouawa na mfalme na idadi ya waliouawa na huyu kijana. Kesho yake Daudi ameketi palepale, anapiga kinubi kilekile kwa mkono uleule, na mfalme ana mkuki mkononi. Mara mfalme anautupa.

Yako mambo mengi ya kufikiriwa hapo, lakini mimi hushikwa na moja. Nyumba ya mfalme hupenda muziki maadamu ni dawa ya usingizi wake. Wimbo ukianza kuhesabu waliokufa, mkuki huinuliwa.

Kamaru aliketi karibu na wafalme wawili. Mzee Kenyatta alimpenda. Ikafika Machi 1975. Josiah Mwangi Kariuki, ambaye sote tulimwita J.M., Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mtu aliyewasemea maskini bungeni na nje ya bunge, alionekana kwa mara ya mwisho tarehe 2 mwezi huo mjini Nairobi. Maiti yake ilipatikana katika vilima vya Ngong.

Ninyi mnaokaa pande hizi mnajua kwamba vilima vya Ngong si mahali pa mbali. Ukisimama Dagoretti Corner asubuhi isiyo na ukungu, unaviona vimekunja vidole vyake kama ngumi juu ya barabara. Watoto wetu waliviona kila siku wakienda shule. Tangu mwezi ule, nakumbuka, wako akina mama waliokuwa hawataki kuviangalia. Na midomo ilifungwa. Kwenye gari watu walizungumza juu ya bei ya mahindi. Kanisani mwetu Jumapili ile tuliimba nyimbo tulizokuwa tumekwisha kuchagua tangu Alhamisi, mhubiri akahubiri juu ya utoaji, tukaenda nyumbani.

Kamaru alitunga wimbo wa kuyalaani mauaji hayo, akautoa mwaka huohuo. Urafiki wake na Mzee ukaisha hapo.

Ndugu zangu, mimi sikufundishwa kumtafuta Nathani katika duka la sahani. Nilimtafuta katika mimbari. Nathani wa Biblia aliingia kwa mfalme na hadithi ya tajiri aliyechukua kondoo mmoja wa maskini, mfano mtupu, kama kitendawili, mpaka mfalme akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Sasa fikirini: hiyo ni kazi ya nani katika desturi zetu sisi? Ni ya mwimbaji. Wazee wetu walijua kwamba neno lisilosemeka huimbika.

Ufalme ulipobadilika, Rais Moi naye alimpenda. Mwaka 1980 alikwenda Japani na Kamaru akawa katika msafara, akarudi na wimbo wa kuisifu safari hiyo. Sisemi alikuwa malaika. Aliwasifu wakubwa walipompendeza, kama hata sisi tunavyowapa wakubwa viti vya mbele kanisani na kukatiza ibada ili wasalimie. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 alisimama hadharani upande wa wale waliotaka vyama vingi, na ule urafiki wa pili ukavunjika kama wa kwanza. Alitoa wimbo unaoitwa Mahoya ma Bururi, yaani Maombi ya Nchi, wenye kuikosoa serikali. Duka lake likavamiwa.

Mwajua kwamba katika miaka hiyohiyo mimbari nayo ilianza kupata sauti. Siku ya kwanza ya mwaka 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri juu ya yale yaliyokuwa yakianguka Ulaya Mashariki, akauliza maswali juu ya hapa kwetu, na hasira iliyomwangukia tunaikumbuka. Walikuwako Askofu Okullu, na Askofu Muge aliyekufa barabarani Agosti 1990, na Askofu Gitari. Hao twawataja kwa fahari. Lakini maombi ya nchi yaliyotungwa na mtu wa gitaa, yakamponza, sijawahi kusikia yakitajwa katika kanisa lolote nililoingia. Pengine ni kwa sababu hayakuanza na kufumba macho.

Kisha ikaja mwaka 1993. Kamaru alitangaza kwamba ameokoka. Alilivunja kundi lake lililojulikana kama Kamaru Super Stars, akaunda lingine la kuimba injili, Kamaru Celebration Choir. Makanisani ilikuwa shangwe na mashaka pamoja. Wengine walisema mbinguni kuna furaha. Wengine walisema ameona pesa ziko huku. Walakini pesa hazikuwa huku, maana sahani zake za injili hazikuuzwa kama zile za kwanza. Watu waliompenda walizitaka nyimbo zao, na watu wa kanisa waliotaka sana aache zile za zamani hawakuwa tayari kuzinunua hizi mpya.

Na baada ya miaka kadhaa alirudi kuziimba nyimbo zake za zamani.

Hapo ndipo palipokuwa na maneno. Nilisimama mlangoni mwa kanisa nikasikia ndugu mmoja akisema, "Si nilisema?" Alisema kwa furaha. Hilo ndilo lililonichoma, ile furaha. Tunasoma katika Matendo kwamba kijana Yohana, aitwaye Marko, aliwaacha Paulo na Barnaba katikati ya safari, akarudi Yerusalemu. Safari nyingine ilipopangwa Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa, wakashindana vikali mpaka mitume wawili wakaachana. Wazee wa kanisa mnaonisikiliza, shikeni jambo hili: walioachana walikuwa watumishi wa Mungu wote wawili, na sababu ilikuwa kijana mmoja aliyerudi nyuma. Paulo alipokuwa mzee, amefungwa, aliandika kwamba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa. Katikati hapo, miaka yote hiyo, Marko alikuwa akifanya nini, na moyo wake ulikuwa wapi, na nani alikula naye? Barnaba alijua kidogo. Paulo hakujua, maana alikuwa amekwisha kwenda zake.

Kamaru alikufa Nairobi tarehe 3 Oktoba 2018. Hali ya moyo wake mbele za Mungu si kazi yangu kuitangaza redioni, na Warumi 14:4 imenifunga mdomo. Najua tu kwamba mjukuu wake, ambaye kwa desturi yetu amelichukua jina lake lote, Joseph Kamaru, naye ni mwanamuziki, na amekuwa akizikusanya sahani za babu na kuzitoa tena ili zisipotee. Mtoto anaifuta vumbi kazi ya babu yake. Hilo ni jambo jema.

Sasa niseme kwa nini nimeyaleta haya yote.

Mwaka 1981 nilikuwa mzee wa kanisa, mmoja wa vijana katika wazee, na mwandishi wa kikao. Kanisa lenyewe sitalitaja. Liko pande hizi na bado lipo. Kulikuwako kijana aliyekuwa fundi wa magari, mikono yake haikutakata hata Jumapili. Alikuwa na gitaa alilolinunua kidogo kidogo, kwa kulipa kila mwezi. Jumamosi usiku alilipiga katika baa moja kwa ujira. Jumapili asubuhi alikuja kanisani, macho mekundu, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango. Hakunywa. Hilo nililijua, maana nilikuwa jirani yake. Katika kikao sikulisema.

Mama yake akafa. Alikuwa mama wa kanisa, mtu wa kufagia na kupanga viti kabla hatujafika. Yule kijana alimtungia wimbo. Akaja kwangu usiku, akabisha, akasimama nje hakutaka kuingia kwa sababu ya viatu vyake. Akasema, "Mwalimu, naomba niimbe wimbo mmoja tu kesho, kwenye ibada. Una jina la Bwana ndani yake." Nikamwambia nitawauliza wazee.

Ni lazima niwaeleze vijana kwa nini jambo kama hilo lilikuwa zito kwetu, msije mkadhani tulikuwa watu wakatili tu. Kanisa la pande hizi limewahi kujeruhiwa na wimbo. Mwaka 1929, wamishonari walipokataza tohara ya wasichana, ulizuka wimbo uliochezwa vijiji vyote, Muthirigu, wenye kuwatukana wamishonari na Wakristo waliobaki nao, mpaka mwaka 1930 serikali ikaupiga marufuku. Wengi walitoka kanisani wakati huo. Waliobaki waliimbwa sokoni kwa majina. Wazee waliotufundisha sisi uzee walikuwa watoto wa hao walioimbwa. Kisha wakaja ndugu zetu wa Uamsho, nao, kwa kutaka kumfuata Yesu bila mchanganyiko, waliziacha ngoma na vinanda vya dunia kama mtu anayetupa nguo yenye ugonjwa. Gitaa kwetu lilikuwa na harufu ya pombe hata likiwa kavu. Naeleza tu, sijitetei.

Wazee walikataa. Mimi niliinua mkono pamoja nao. Kesho yake alikuja na gitaa lake hata hivyo, labda alitumaini. Mzee mmoja akamzuia mlangoni kwa upole, akamwambia aliache nje. Akaliegemeza ukutani. Mvua ilinyesha wakati wa mahubiri, na paa letu lilikuwa la mabati, kwa hiyo kila mtu alisikia kwamba inanyesha, na kila mtu alijua gitaa liko wapi. Hakuna aliyetoka. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi mbele pamoja na jamaa, karibu na jeneza, hangeweza kutoka.

Makaburini tulimaliza maombi tukaondoka kwenda kunywa chai. Nilipogeuka nilimwona amebaki, analifuta gitaa kwa koti, na akaanza kuimba. Lilikuwa limelegea nyuzi kwa maji. Niliusikia wimbo wote, nikiwa nimesimama nyuma ya ua.

Kikao kilichofuata kilimsimamisha asishiriki Meza ya Bwana kwa miezi sita, kwa kosa la kupiga muziki baa na kwa kuleta gitaa kanisani. Niliandika mimi katika kitabu cha kumbukumbu, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Miezi sita ikaisha. Hakurudi.

Mwaka jana katika kanisa lilelile tulimzika mama mwingine. Siku hizi, kama mjuavyo, mbele pale mna ngoma, kinanda cha umeme na magitaa mawili, na wazee wa leo hupiga makofi. Vijana wakasimama wakaimba, na watu wakalia, na niliposikia mstari wa pili nilishika benchi la mbele yangu. Ulikuwa wimbo wake. Umepita mdomo kwa mdomo, matanga hata matanga, miaka arobaini. Baada ya ibada nikamwuliza kiongozi wao umetungwa na nani. Akasema, "Shikamoo, mzee. Huo ni wimbo wa zamani tu. Hauna mwenyewe."

Mwenyewe yupo hai. Yuko Mutuini, mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni kwangu, na nusu saa hiyo imenichukua miaka zaidi ya arobaini kuitembea.

Nilikwenda juma lililopita. Sikuitwa ndani mara moja. Amezeeka, mkono wa kushoto unatetemeka, hawezi tena kushika nyuzi. Alinitazama akasema, "Mwalimu, umekuja kwa mchango gani?" Nikamwambia sikuja kwa mchango. Nikamwambia juu ya lile gitaa, na mvua, na mkono wangu niliouinua, na kwamba nilijua hakuwa mlevi nami nikanyamaza. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi zaidi, na mistari ya Biblia, lakini niliona hayafai.

Hakunijibu. Alimwita mjukuu alete chai. Tukanywa. Kisha akasema, polepole, kama mtu aliyelifikiri jambo siku nyingi: "Wimbo mmeuingiza ndani. Mimi bado niko nje ukutani." Halafu akaniuliza, "Kile kitabu bado kipo?" Nikamwambia kipo, kabatini. Akasema, "Jina langu limo humo upande wa makosa. Tazama kama chini yake palibaki nafasi."

Nilikwenda kutazama. Ipo nafasi ya mistari mitatu.

Kikao cha wazee kitakaa Jumamosi hii. Mimi si mwandishi tena, wala si mzee wa zamu. Nitaingia kama mtu mwenye ombi, nitasimama pale alipotakiwa kusimama yeye. Nimeambiwa wako wasiopenda kufungua mambo ya zamani, na mmoja ameniuliza kama mtu akiandikwa hivyo hatutalazimika kuandika wengi. Nilimwambia huenda ikawa hivyo.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyempa Yubali na wanawe vinubi kabla hata hapajakuwa na hekalu, twakushukuru kwa sauti ulizotupa katika nchi hii, zilizotuonya tulipolala na kutufariji tulipofiwa. Wakumbuke wanaoimba usiku ili watoto wao wale asubuhi. Wakumbuke wazee wa makanisa yetu wanapoketi kuamua, na mikono yao inapokaribia kuinuliwa. Mkumbuke mtu wa Mutuini, mkono wake wa kushoto na moyo wake, na umpe afya mpaka Jumamosi na baada yake. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu.

Amina.